Kizimkazi: Haki ya Jirani wa Baharini

Katika mwaka 304 wa Hijra, sawa na mwaka 916 wa Miladi, msafiri na mwanahistoria mashuhuri wa Baghdad, Al-Mas'udi, alipanda chombo katika kisiwa cha Qanbalu kuelekea Oman. Wanazuoni wengi hukisia ya kuwa Qanbalu hiyo ni Pemba yetu hii. Katika kitabu chake kiitwacho Muruj al-Dhahab ameacha khabari ya samaki mkubwa mno wa bahari ya Zanji aitwaye awal. Asimulia kwamba mabaharia walimwogopa samaki huyo khofu kubwa, hata usiku na mchana wakigonga mbao na kupiga ngoma chomboni ili apate kukimbia. Urefu anaomtajia ni wa dhiraa mia nne na mia tano, na hapana shaka hapo pana chumvi ya mabaharia. Lakini mnyama mwenyewe twamjua. Ni nyangumi.

Tangu siku hizo imepita miaka elfu moja na mia na zaidi, na jambo limekuwa kinyume. Bahari ni ile ile, na nyangumi ni yule yule, lakini sasa mtu hutoka nchi ya mbali akalipa fedha zake ili asogezwe karibu na mnyama ambaye watu wa kale walipiga ngoma wamwepuke. Desturi hii ya kwenda kutazama nyangumi ilianzia California, Marekani. Mwaka 1950 watu wa San Diego walitengewa mahali pa juu, pwani, pa kuwatazamia nyangumi wapitao. Na mwaka 1955 mvuvi mmoja wa huko akaanza kuwachukua watu kwa boti yake, dola moja kila mtu. Kufikia mwaka 2008 ilihesabiwa kuwa watu milioni 13 katika nchi 119 hutoka baharini kila mwaka kwa ajili hiyo. Pwani yetu nayo haikuachwa nyuma: Kizimkazi katika Unguja, na Wasini na Watamu katika Kenya, ni majina yajulikanayo leo kwa kazi hii.

Swali tunalotaka kuliweka mbele ya msomaji si kama inafaa kwenda kutazama. Inafaa, na kheri nyingi zimo ndani yake. Swali ni hili: yule atazamwaye ana haki gani juu ya mtazamaji? Tumefunzwa tangu utotoni haki ya jirani, tukajua kwamba mtu ambaye jirani yake hana amani na shari yake, imani yake ina kasoro. Basi pomboo wa Kizimkazi ni jirani wa watu wa Kizimkazi, na leo ni mlango wa riziki yao pia. Tuitazame khabari hii kwa jicho hilo.

Kijiji cha Kale

Atokaye Mjini Unguja kwenda Kizimkazi hushika njia ya kusini, akapita Tunguu, akaukata msitu wa Jozani wenye kima punju, akafika Kitogani, kisha Muyuni, na baada ya mwendo wa saa moja na kitu kwa gari huwasili katika pwani ya kusini magharibi ya kisiwa. Kijiji kina sehemu mbili, Dimbani na Mkunguni, na kila moja ina ghuba yake na vyombo vyake.

Dimbani ndipo ulipo ule msikiti wa kale. Kwa nje ni jengo dogo lenye paa la mabati, na mpita njia asiyeambiwa asingesimama kuutazama. Ndani yake, katika ukuta wa kibla, pana maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe kwa ufundi wa kustaajabisha, nayo yana tarikhi ya mwaka 500 wa Hijra (1107). Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu yajulikanayo katika Afrika Mashariki. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini mihrabu imebaki na khabari yake. Kwa hiyo watu wa hapa wamekuwa wakiswali kando ya bahari hii kwa miaka mia tisa na zaidi. Tulikumbuke jambo hili, kwa sababu wageni wengi huletwa hapa wakidhani wanaletwa ufukweni tu, wasijue kwamba wanaingia katika mji wa watu wenye historia yao na adabu zao.

Samaki Asiye Samaki

Pomboo na nyangumi kwa macho ya mtu ni samaki, na Waarabu wa kale waliwakusanya katika jina moja la hut. Kila mtoto wa chuoni amesikia kisa cha Nabii Yunus, amani iwe juu yake, aliyemezwa na hut akamwita Mola wake ndani ya giza. Na wasomao Sira wanayo khabari ya jeshi la Abu Ubaida bin al-Jarrah, watu mia tatu walioshikwa na njaa pwani, wakakuta samaki mkubwa aitwaye Anbar ametupwa na bahari, wakala nyama yake siku nyingi. Jina hilo ndilo tulilonalo sisi katika ambari, manukato yatokanayo na tumbo la nyangumi wa aina moja, na ambayo pwani yetu iliyapeleka Arabuni kwa karne nyingi.

Ama wataalamu wa wanyama wa leo huwatenga hawa na samaki. Pomboo hana matamvua. Hupumua kwa mapafu kama sisi, kwa tundu lililo utosini. Damu yake ni ya moto. Hatagi mayai bali huzaa, na mtoto wake hunyonya. Mkia wake umelala bapa, naye huupiga juu na chini. Mkia wa samaki umesimama wima, naye huupiga kulia na kushoto. Alama hiyo peke yake yatosha kumjulisha mtu anachokiona.

Na katika maajabu yake ni usingizi wake. Kila pumzi anayoitaka pomboo lazima aifuate juu ya maji, kwa hiyo hawezi kuzama katika usingizi mzito kama mwanadamu. Mungu amemjaalia kulala kwa nusu moja ya ubongo, nusu ya pili ikikesha, kisha hubadilishana. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Kizimkazi ina pomboo wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wenye mdomo mfupi mithili ya shingo ya chupa, wafikiao urefu wa mita mbili na nusu hivi. Hao ndio waonekanao zaidi. Wa pili wana nundu mgongoni, ni wachache zaidi, wana haya, na hupenda maji ya karibu na pwani. Katika daftari la dunia la viumbe walio katika khatari, hao wa nundu wamewekwa katika daraja la walio khatarini kutoweka, na wale wa kwanza katika daraja la kukaribia khatari.

Mtu aweza kudhani kwamba bahari ni pana na pomboo hawana idadi. Sivyo. Kila pomboo ana mapengo na makovu yake katika pezi la mgongoni, hayafanani na ya mwenziwe, na kwa kuyapiga picha wataalamu waliweza kuwahesabu. Kati ya mwaka 1999 na 2002, wale wa aina ya kwanza katika maji ya Kizimkazi walikadiriwa kuwa kati ya 136 na 179. Hiyo ni kaumu ndogo, kama watu wa mtaa mmoja. Jike huchukua mimba mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na hukaa naye miaka kadhaa kabla hajazaa mwingine. Watu wa namna hii wakipungua, hawarudi upesi.

Kutoka Chambo Hadi Utalii

Haifai kuandika juu ya Kizimkazi kana kwamba pomboo na watu walikuwa marafiki siku zote. Hadi mwaka 1996 pomboo walikuwa wakivuliwa hapa kwa makusudi. Nyama yake ililiwa, na zaidi ilikuwa chambo cha papa, kwani ni nzito na yenye mafuta, na papa huifuata kutoka mbali. Mvuvi aliyefanya hivyo hakuwa mkatili. Alikuwa na watoto wa kulisha, na bahari ndiyo shamba lake.

Kisha mwaka 1992 wageni walianza kupelekwa kuwatazama pomboo, na kwa muda wa miaka michache mambo mawili yakaenda pamoja, wengine wakiwavua na wengine wakiwaonyesha. Lakini hesabu ilikuwa nyepesi kwa kila mwenye akili: pomboo aliyekufa huuzwa mara moja tu, na aliye hai huonyeshwa leo na kesho na kesho kutwa. Uvuvi ule ukaachwa. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ambayo Kizimkazi imo ndani yake, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, lenye kilomita za mraba 470, na wanavijiji wakapewa sehemu katika ulinzi wake. Kijiji kikabadilisha chanzo cha riziki bila ya kuhama bahari yake, na hili ni jambo la kusifiwa.

Hata hivyo khatari haikuondoka yote. Nyavu za jarife, zinazotegwa usiku kwa samaki wakubwa, hazichagui. Pomboo akinaswa humo hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, akafa kwa kuzama ndani ya bahari aliyozaliwa. Dk. Omar Amir na Dk. Narriman Jiddawi, pamoja na mwenzao Per Berggren wa Sweden, walikusanya khabari za wavuvi wa Zanzibar na kuorodhesha pomboo 96 walionaswa kati ya mwaka 1995 na 1999. Na watu wa Unguja hawajasahau mwisho wa Aprili mwaka 2006, walipoamka wakakuta mamia ya pomboo wamekufa katika pwani ya Nungwi, kaskazini ya kisiwa. Siku ile wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba kilicho kingi chaweza kuondoka kwa usiku mmoja.

Asubuhi Moja Baharini

Tulishuka Mkunguni baada ya sala ya alfajiri, mwisho wa kusi, maji yakipwa. Vyombo vilikuwa vimetia nanga mbali kidogo, basi tulikunja nguo tukayakata maji hadi magotini ndipo tukapanda. Chombo chetu kilikuwa boti ya mbao yenye mashine moja nyuma na turubai la kivuli, na ndani tulikuwa watu sita, pamoja na watoto wawili wa mwenzetu. Nahodha alikuwa mtu wa makamo ya miaka sitini, mvuvi tangu utotoni.

Baada ya nusu saa hivi nahodha alipunguza mashine, akaonyesha kwa kidevu. Kwanza hatukuona ila maji. Kisha pezi moja likachomoza, jeusi, limepinda kama mundu, likazama. Likafuatwa na la pili na la tatu, na pumzi zao zikasikika, fupi na nzito, kama za mtu aliyetua mzigo. Walikuwa kumi au kumi na wawili, wakienda polepole. Mmoja wao alikuwa na mtoto ubavuni, amemganda kama kivuli, hupanda apandapo na huzama azamapo. Watoto wetu walinyamaza kimya, jambo ambalo mama yao alisema halijapata kutokea tangu kuzaliwa kwao.

Nahodha akazima mashine kabisa. Mwenzetu akamwuliza:

"Mzee wangu, mbona hatuwasogelei?"

"Mwanangu, hawa wamelala," akajibu. "Ukiwaona wanakwenda pamoja hivi, hawana haraka, wanazama pamoja na kuibuka pamoja, ujue wanapumzika. Na mimi nikiwa nimelala ukanipigia mlango, nitakuja kukufungulia. Lakini moyoni sitakupenda."

Tukakaa. Pomboo wakatujongea wenyewe, wakapita chini ya chombo, na mmoja akageuka ubavu akatutazama kwa jicho moja; Mungu ndiye ajuaye alituonaje. Hayo yalidumu kama robo saa.

Kisha zikaja boti nyingine, tatu, halafu tano, kwa kasi. Kila moja iliwakatia pomboo mbele. Wageni walikuwa wamekwisha vaa miwani na mapezi ya mpira, wamekaa ukingoni, na mabaharia wakawapigia kelele waruke. Wakaruka. Pomboo wakazama, wakaibuka mbali mita mia moja. Mashine zikawashwa, wageni wakavutwa ndani, boti zikawakatia mbele tena. Mara ya tatu, mara ya nne. Yule mama na mtoto wake walikuwa wakigeuka huku na huku bila ya kushika njia. Mwisho hatukuona kitu tena ila mawimbi ya boti na harufu ya petroli.

Tulimwuliza nahodha kama hapana kanuni. Akasema kanuni zipo, zimeandikwa, na kila mmoja anazijua. "Lakini mgeni amelipa, na nahodha ana wanawe. Mgeni akirudi akalalamika kwamba hakuogelea na pomboo, kesho yule anayeleta wageni atampa kazi mtu mwingine. Hawa vijana ni wanetu. Hawana ubaya. Wanaikimbilia riziki, na anayekimbilia riziki hatazami anachokikanyaga."

Maneno hayo tuliyabeba hadi nyumbani, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo zima.

Waliyoyapima Wataalamu

Aliyoyasema nahodha kwa uzoefu, wataalamu wameyapima kwa kalamu. Katika uchunguzi wao wa pomboo wa Kizimkazi, uliochapishwa mwaka 2007, Eva Stensland na Per Berggren walitazama majike, na wakaona kwamba wanyonyeshao ndio wasumbukao zaidi: boti na waogeleaji wakizidi, mwendo wao huwa wa kuhangaika, wakigeuka kila upande. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, ulipima pomboo hutumiaje wakati wao boti zikiwapo na zisipokuwapo. Ilidhihirika kwamba mbele ya boti za watalii kupumzika kulipungua, kula kulipungua, na kukaa pamoja kwa mazoea yao kulipungua. Kilichoongezeka ni kusafiri tu, na kilizidi maradufu. Kwa maneno mengine, siku yao iligeuka kuwa siku ya kukimbia.

Sasa tulirudie lile la usingizi. Mnyama ambaye hata akilala nusu yake inakesha, ananyang'anywa ile nusu iliyobaki. Mama asiyekula hana maziwa ya kutosha, na mtoto asiyeshiba hana nguvu ya kumfuata mamaye. Jambo hili halionekani kwa siku moja. Hakuna damu juu ya maji, wala hapana mtalii arudiye akisema ameona ubaya. Lakini likiendelea mwaka baada ya mwaka, pomboo hupunguza kuzaa au hutafuta maji mengine, na siku hiyo Kizimkazi haitakuwa na chambo wala na maonyesho.

Wageni wa Kusi

Tukirudi pwani asubuhi ile, nahodha alisimama ghafla akatuonyesha upeo wa macho. Moshi mweupe ulipanda kama wa jiko, ukasimama kidogo, ukapeperuka. Alikuwa nyangumi akitoa pumzi.

Huyu ni nyangumi kibyongo, mwenye urefu wa mita 12 hadi 16 na uzito uwezao kufika tani 30 na zaidi. Hakai hapa daima. Miezi ya joto ya kusini yumo katika bahari ya barafu ya Antaktika, akila kamba wadogo mno kwa mamilioni. Baridi ikiingia huko, hufunga safari ya maelfu ya kilomita kuja maji yetu ya moto kuzaa na kupandana, na muda wote huo hula kidogo sana au hali kabisa, akitegemea mafuta aliyoyaweka mwilini. Kuanzia Julai hadi Oktoba, wakati kusi likivuma, huonekana kutoka Kizimkazi hadi Pemba, na kaskazini hadi Wasini na Watamu. Mtoto wake huzaliwa na urefu wa mita nne na zaidi. Dume huimba chini ya maji, wimbo mrefu wenye mpango, urudiwao kwa saa nyingi. Roger Payne na Scott McVay wa Marekani ndio walioueleza kwa ulimwengu wa elimu, mwaka 1971.

Kwamba wanakuja hata leo ni jambo la kushukuriwa. Katika karne ya 20 meli za wavuvi wa nyangumi ziliua zaidi ya vibyongo 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia, kwa ajili ya mafuta yao. Mwaka 1963 uvuvi wao wa biashara katika nusu hiyo ulipigwa marufuku. Mwaka 1979, kwa ombi la nchi ndogo ya visiwa ya Shelisheli, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa mahali pa amani kwa nyangumi. Na tangu mwaka 1986 uvuvi wa biashara wa nyangumi wakubwa umesimamishwa na jumuiya ya mataifa yanayohusika nao. Polepole vibyongo wa kusini wameongezeka tena.

Ndugu zetu walioko Oman watapenda kujua kwamba wao wana vibyongo wao, wakaao Bahari ya Arabuni mwaka mzima, wala hawasafiri kama wa kwetu. Huonekana pande za Dhofar na visiwa vya Hallaniyat. Idadi yao katika maji ya Oman imekadiriwa kuwa chini ya mia moja. Nyavu na meli kubwa zipitazo ndizo khatari zao. Ikiwa kaumu ya pomboo 150 ni kama mtaa, hiyo ya vibyongo wa Oman ni kama ukoo mmoja tu.

Adabu za Kutazama

Kwa hiyo msomaji atakaye kuwachukua wanawe Kizimkazi au Watamu au Maskati, na tunampa shauri aende, na azingatie mambo machache.

La kwanza ni kuzungumza na nahodha kabla ya kulipa. Mwambie waziwazi: hatutaki kuruka majini, hatutaki kuwakimbiza, na tusipowaona hatutalalamika. Maneno hayo matatu humtua nahodha mzigo mkubwa, kwa kuwa mara nyingi hukimbiza kwa kudhani ndivyo utakavyo. Uliza pia kama kila mtoto atapata koti la kuokolea, na kama bahari ya siku hiyo yafaa. Kusi likizidi, kukaa pwani ni busara.

La pili ni umbali. Australia, nchi yenye uzoefu mwingi wa jambo hili, boti hutakiwa isimkaribie nyangumi chini ya mita 100 wala pomboo chini ya mita 50. Wao wenyewe wakija, hiyo ni khiari yao. Chombo na kiende sambamba nao, kwa ubavu. Kisiwakatie mbele, kisiwafukuze kwa nyuma, kisipite kati ya mama na mtoto. Wakionyesha kuondoka, waachwe. Nusu saa yatosha kwa macho yenye adabu.

La tatu ni mikono. Usiwatupie chakula wala usiwaguse, na mfuko wa plastiki usiuachie upepo.

La nne ni kijiji chenyewe. Pita mtaani umejisitiri, toa salamu kabla ya kuuliza bei, na kula mchana wako kwa watu wa hapo ili fedha ibaki walipo wenye bahari. Ukitaka kuona mihrabu ya Dimbani, ngoja wakati usio wa sala na uombe ruhusa.

Na kwa manahodha na wale wawaletao wageni, tuna neno moja. Tunadhani dawa ya mbio hizi ni zamu. Boti mbili au tatu ziwe na pomboo, nyingine zingoje mbali; muda wao ukisha, ziingie nyingine. Nauli iwe moja kwa wote, na asiwepo apatae zaidi kwa kukimbia zaidi. Watu wa pwani hawageni na mambo ya zamu; kisima cha mtaa kimegawiwa kwa zamu tangu zamani, na hakuna aliyekufa kwa kiu. Kijana akijua kwamba zamu yake itafika na riziki yake haitachukuliwa na mwenziwe, hana sababu ya kumkanyaga mtu wala mnyama.

Kuna watu wasemao kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba mwenye njaa hana wakati wa kumhurumia pomboo. Lakini atakayepata hasara ya kwanza pomboo wakiondoka si Mzungu. Yeye atapanda ndege aende kuwatazama kwingine. Atakayebaki na boti isiyo na abiria ni mtu wa Mkunguni, na mwanawe baada yake. Huruma na maslaha hapa zimeshikana mkono, na ni nadra mambo hayo mawili kupatana hivyo.

Wale mabaharia wa zama za Al-Mas'udi walipiga ngoma ili mnyama wa baharini aondoke, wala hakuondoka. Itakuwa aibu kubwa ikiwa sisi, tuliomwendea kwa kumpenda, ndio tutakaomfukuza.